Jasho la Saa Moja



Majuma matatu yaliyopita niliwagusia, kwa sentensi moja tu, kwamba mimi na fundi mmoja wa kuchomelea tulikuwa tukiigeuza baiskeli ya mazoezi iwe mashine ya kufua umeme. Sikutegemea kwamba sentensi hiyo ingewavutia watu kuliko kurasa zote zilizoitangulia. Wengine wameomba mchoro, wengine wameuliza gharama, na mama mmoja ametaka kujua kama mashine hiyo yaweza kuendesha jokofu lake. Nitayajibu hayo kadiri ya uwezo wangu. Lakini hebu kwanza niseme kilichotuingiza katika kazi hii, kwani bila sababu hiyo namba zote zitakazofuata zingekuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi nyingi.

Yupo kijana mmoja wa miaka 24, mzaliwa wa kitongoji kilicho juu milimani, upande wa Uluguru, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Baba yake alipofariki alimwachia yeye na mama yake shamba la ekari moja na nusu lenye mfereji wa maji pembeni, shamba la maharage na kabichi, ambalo kila aliyeliona hulimezea mate. Simu za kitongoji hicho huteremshwa hadi senta kwenda kuchajiwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na kurudishwa jioni. Kijana huyu aliona katika simu ya mwenzake picha za mtu akiwasha taa kwa kupiga pedali, na usiku ule ule akapanga biashara: baiskeli kumi, vijana kumi wasio na kazi, na umeme wa kuuzia kitongoji kizima. Mtaji ungetoka shambani. Mnunuzi alikwisha kupatikana, na vijana kumi walikwisha kuahidiwa kazi.

Aliponijia hakuja kuomba ushauri. "Shikamoo, Baba. Sikuja kuuliza kama nifanye," aliniambia. "Nimekuja kuuliza nianzie wapi."

Nilimwomba jambo moja tu: asitie saini karatasi yoyote mpaka tuwe tumeunda mashine moja, tumekaa juu yake saa nzima, na kuandika kile kilichoingia katika betri. Maneno ya kumkatisha tamaa nilikuwa nayo mengi, lakini mtu mwenye ndoto hushindana na maneno. Kushindana na miguu yake mwenyewe ni vigumu zaidi.

Baiskeli tuliipata bila taabu. Siku hizi vyombo vya mazoezi vilivyotumika Ulaya huingia nchini pamoja na majokofu na magodoro, na baada ya miaka michache hugeuka kuwa mahali pa kuanikia nguo. Yetu ilikuwa na kioo kilichokufa na kiti kilichochanika, lakini beringi zake zilikuwa nzima na gurudumu lake la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili, lilikuwa na kilo nane. Hilo ndilo tulilolihitaji. Mguu wa binadamu hausukumi sawasawa. Husukuma kwa nguvu pedali inaposhuka, na karibu hausukumi kabisa pedali inapofika juu kabisa na chini kabisa. Gurudumu zito hupokea nguvu pale mguu unapotoa, na kuirudisha pale mguu unapopumua, hata mzunguko ukawa wa namna moja. Ndiyo maana baiskeli ya mazoezi hufaa kazi hii kuliko baiskeli ya kawaida iliyoinuliwa juu ya vyuma, ingawa hiyo nayo hufanya kazi. Tuliondoa kile kikanda cha breki kinacholikaba gurudumu ili mfanya mazoezi aone uzito. Uzito, kama mtakavyoona, ulirudi kwa njia nyingine.

Fundi alitaka tutumie altaneta ya gari, kwa kuwa anazo tatu chini ya meza yake. Nilimwomba tuhesabu kwanza. Altaneta haina sumaku ya kudumu. Sumaku yake huamshwa kwa umeme, na umeme huo hutoka katika betri ile ile unayotaka kuijaza, wati 30 au zaidi kabla haijakupa chochote. Injini ya gari haioni tofauti. Mtu mwenye wati 100 katika miguu yake ataiona sana. Tena altaneta hupenda mwendo wa kasi mno. Basi tukatafuta mota ya sumaku za kudumu, ile ya pikipiki ndogo za umeme za watoto, tukaipata Gerezani, Dar es Salaam, katika lundo la vyuma chakavu: volti 24, wati 250, mizunguko 2,750 kwa dakika. Mota ya namna hiyo ukiipa umeme huzunguka, na ukiizungusha hutoa umeme. Haina upendeleo.

Hesabu ya mwendo ni hii, na anayetaka kuunda ya kwake aizingatie kuliko yote. Miguu ya mtu wa kawaida hupiga pedali mara 60 hivi kwa dakika. Ndani ya baiskeli yetu, kila mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu zito mara nne, yaani mara 240 kwa dakika. Gurudumu hilo lina kipenyo cha sentimeta 45. Tukifunga katika mota puli ya sentimeta 5, mota itazunguka mara tisa kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, maana yake mara 2,160 kwa dakika. Kwa mota ya sumaku za kudumu volti hufuata mwendo, na mwendo huo hutupa volti 17 hivi, zinazotosha kuisukumia umeme betri ya volti 12. Puli ya sentimeta 10 ingetupa nusu yake, na betri isingepokea hata tone.

Mkanda nao una siri yake. Mkanda mnene wa mashine ya kusaga hukataa kujikunja juu ya puli ndogo, na kila unapolazimishwa kujikunja hula sehemu ya nguvu yako na kuigeuza joto. Fundi alileta mkanda mwembamba wenye mistari, wa gari dogo, ambao hujikunja kama utepe. Akauwekea na roli ndogo ya kuukaza, kwa sababu puli ndogo hushikwa na sehemu ndogo ya mkanda, na mkanda uliolegea huteleza na kunuka mpira unaoungua. Halafu, kabla ya kitu kingine chochote, tukachomelea kinga ya bati kuuzunguka mkanda wote. Vidole vya mtoto au upindo wa khanga vikiingia pale, gurudumu la kilo nane halisimami kwa sababu mtu amepiga kelele.

Kati ya mota na betri tuliweka dayodi, kile kipande kidogo kinachouruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Fundi alidhani ni pambo. Nikamwomba aunge waya moja kwa moja, bila dayodi, kwa dakika moja, miguu yetu ikiwa mbali. Betri ikaigeuza mota, mota ikalivuta gurudumu, na pedali zikaanza kuzunguka zenyewe kana kwamba amekaa mtu asiyeonekana. Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni walitawanyika, na mmoja wao hajarudi hadi leo. Dayodi ikarudishwa mahali pake bila ubishi zaidi. Baada yake ikafuata fyuzi ya ampea 20, karibu kabisa na betri, kwa sababu betri iliyoshikwa nyaya vibaya huweza kuyeyusha waya na kuwasha nyumba. Mwisho tukafunga mita mbili mbele ya usukani, moja ya volti na moja ya ampea. Mwendeshaji anapaswa kuziangalia: volti zikipita 14 na nusu betri imeshiba, na kuendelea kuilazimisha ni kuichemsha maji yake na kutoa hewa inayoweza kulipuka. Kwa hiyo betri haikai chumba cha kulala, wala chumba kisicho na dirisha.

Kazi yote ilichukua Jumamosi nne. Gharama kubwa ilikuwa betri, si mashine, na iwe betri ya sola, siyo ya gari. Betri ya gari hutengenezwa kwa ajili ya kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Ukiizoeza kutumika hadi karibu kwisha kila usiku, haimalizi mwaka.

Siku ya kupima, kijana alifika saa moja asubuhi, amevaa kaptura na raba, pamoja na wanne wa wale kumi. Mimi nilipanda kwanza, kwa heshima ya mvi, nikatoa ampea tatu na nusu kwa dakika ishirini, kisha nikashuka kwa hiari yangu. Akapanda yeye. Katika dakika tano za mwanzo alifikisha ampea 9, huku wenzake wakishangilia. Hapo ndipo ule uzito nilioutaja ulipojionyesha, kwa maana kadiri unavyodai umeme mwingi zaidi, ndivyo mota inavyokuwa nzito kuizungusha. Hakuna ujanja wa kulikwepa jambo hilo. Baada ya robo saa alikuwa katika ampea 6. Saa ilipotimia, wastani wote ulikuwa ampea 5 na nusu katika volti 13, yaani wati 70 na kitu. Kijana aliyezoea kupanda milima akiwa na gunia la kabichi kichwani, baada ya saa nzima isiyo na kupumzika, alikuwa ameingiza katika betri wati-saa 70.

Sasa, ndugu msomaji, chukua risiti yako ya LUKU. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa mwendo wa kijana wetu, uniti moja ni saa 14 za kupiga pedali. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji wa kawaida wa nyumbani hulipa shilingi 292 kwa uniti, na mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Jasho la saa ile, likiuzwa kwa bei ya gridi, lilikuwa la shilingi 20. Kwa bei ya mtumiaji mdogo, shilingi 7.

Na si hilo tu. Mwili nao hula. Kati ya chakula unachokitumia ukifanya kazi ya misuli, robo hivi au chini yake ndiyo huifikia pedali. Kinachobaki ni joto, ndilo lile lililokuwa likimtiririka usoni. Ili miguu itoe wati 100 kwa saa moja, na mota na mkanda vikikata sehemu yao zibaki 70, mwili huhitaji zaidi ya gramu 100 za unga wa mahindi juu ya zile unazozihitaji kwa kuishi tu. Kilo ya unga ikiwa shilingi 1,500, hizo ni zaidi ya shilingi 150. Kwa maneno mengine, ugali ni mafuta ya jenereta ya gharama kubwa kupita yote niyajuayo.

Mama wa jokofu atakuwa amekwisha kupata jibu lake. Kwa wale wanaodhani kijana wetu alikuwa mlegevu, nitawapa mfano wa mwenye nguvu. Mwaka 2015 Robert Förstemann, Mjerumani bingwa wa mbio fupi za baiskeli na mshindi wa medali ya Olimpiki, aliwekwa juu ya baiskeli iliyounganishwa na kibaniko cha mkate cha wati 700. Alifaulu kubanika kipande kimoja cha mkate, kisha akaanguka chini kwa uchovu. Umeme aliofua ulikuwa uniti 0.021. Na kwa wale wapendao mambo makubwa: Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Kuupata umeme huo kwa pedali, kwa wati 70 kila mtu, wangehitajika watu milioni 30 wakipiga pedali kwa pamoja, yaani karibu nusu ya Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, watoto wachanga wakiwamo. Nilipoyaandika haya katika karatasi nilikaa kimya kitambo. Sisi hubonyeza swichi, jeshi lote hilo likapanda baiskeli, nasi tukaacha taa ya choo ikiwaka hadi asubuhi.

Ningeweza kuishia hapo na kumwambia kijana, "Umeona?" Lakini haingekuwa haki, kwa sababu yeye naye alikuwa na hesabu yake, na haikuwa ya kijinga.

"Baba," alisema, akiwa bado anajifuta jasho, "mimi siuzi uniti. Nauza simu iliyojaa."

Alikuwa na hoja. Kitongojini kwake mtu halipi shilingi 292 kwa uniti, kwa kuwa uniti haipo. Senta hulipa shilingi 300 kuchaji kitochi na shilingi 500 kuchaji simu janja, na hupoteza nusu ya siku njiani. Betri ya kitochi hubeba wati-saa 4 hivi. Ya simu janja kubwa hukaribia 19. Ukiondoa kinachopotea ndani ya betri kubwa na katika kifaa cha kuchajia, zile 70 hubaki 50. Ni vitochi kumi au zaidi, au simu janja mbili na nusu. Umeme ule ule wa shilingi 20 hugeuka kuwa wa shilingi 1,000, au hata 3,000, kwa kupandishwa mlimani tu.

Tena historia inamtetea. Katika bara la Australia miaka ya 1920, mchungaji wa Kipresbiteri aitwaye John Flynn aliona watu wa mashamba ya mbali wakifa kwa kukosa njia ya kumwita daktari. Huduma ya daktari wa ndege ilianza Cloncurry, jimbo la Queensland, mwaka 1928, lakini ndege haina faida kwa asiyeweza kuiita. Fundi Alfred Traeger wa Adelaide ndiye aliyetengeneza redio inayoendeshwa kwa pedali, na mwaka 1929 redio hizo zilianza kuwekwa katika mashamba ya huko. Mzungusho wa mkono ulikuwa umekwisha kujaribiwa, ukashindwa, kwani mwenye kuzungusha kwa mkono hawezi wakati huo huo kugonga ujumbe wa Morse. Miguu ikaiachia mikono nafasi. Pedali zile zilitoa wati 20 hivi, chini ya theluthi ya alizotoa kijana wetu, na zilitosha kumleta daktari kutoka mamia ya kilomita. Wati 20 mahali pasipo na kitu si kidogo.

Kwa hiyo hatukubishana juu ya mashine. Nilimwomba arudi kwao na daftari, ahesabu simu. Alirudi baada ya siku tano, na hesabu aliyoileta ilikuwa safi kuliko nyingi nilizopata kuziona ofisini. Kaya 64. Vitochi 50, vinavyochajiwa kila baada ya siku nne. Simu janja 40, zinazochajiwa kila baada ya siku mbili. Tukakaa chini ya mwembe, tukakokotoa. Kwa siku moja kitongoji kizima kilihitaji kuchaji vitochi 12 au 13 na simu janja 20. Mapato yote, hata kama kila mtu angelipa na hakuna wa kukopa, shilingi 13,600 hivi. Umeme uliohitajika, saa tisa za kupiga pedali. Mashine kumi zingemaliza kazi ya siku nzima chini ya saa moja, na vijana kumi wangegawana shilingi 1,360 kila mmoja, kabla ya kununua mkanda, kabla ya kubadilisha betri, kabla ya kumlipa mtu ambaye ameuza shamba lake ili wao wapate baiskeli.

Paneli ya sola ya wati 50, siku ya jua la kawaida, huingiza katika betri zaidi ya wati-saa 150 na hakuna aliyetoka jasho. Paneli nne zingekaribia kuibeba kazi yote. Wakati wa masika, milima ile hufunikwa na ukungu siku nyingi mfululizo, na hapo paneli hutoa kiasi kidogo tu cha uwezo wake. Hizo ndizo siku za pedali. Na siku nguzo zitakapofika, kwa gharama ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000 vijijini, biashara ya kuchaji simu itakufa juma hilo hilo, iwe ya jua au ya miguu. Shamba lenye mfereji halitakufa.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Wale kumi nitawaambia nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani kama lipo lililo zuri. Alikwenda akawaambia mwenyewe, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Mnunuzi alimjibu kwa hasira, akamwita mtu asiye na msimamo. Wawili kati ya wale kumi wameamini kwamba mimi ndiye niliyewanyima kazi, na tukipishana njiani hunipa mgongo. Siwalaumu. Nilizipeleka namba katika ndoto ya watu waliokuwa hawana kingine, na namba, hata zikiwa za kweli, hazimpi mtu chakula cha jioni. Mama yake kijana hakuwa ameambiwa chochote juu ya mauzo hayo. Aliposikia, alipanda shambani akakaa huko mpaka giza, na kijana akamfuata na tochi.

Mashine iko mlimani sasa, mwezi wa nne huu, katika banda lenye dirisha. Kijana alinunua paneli mbili kwa fedha za kabichi, na hupiga pedali jioni zile tu ambazo wingu limegoma. Ametoza shilingi 300 kwa kila simu, kubwa na ndogo, jambo ambalo kwa simu janja ni hasara ya jasho lake, lakini hataki kugombana na wateja juu ya wati-saa. Usiku anapojifungua mwanamke katika kitongoji, taa ya wati 5 hupelekwa bila malipo. Saa moja ya pedali huiwasha zaidi ya saa kumi.

Kilichonifurahisha zaidi ni alichokigundua akiwa peke yake. Nilikuwa nimemsimulia habari za mafundi wanaoitumia nguvu ya miguu bila kuigeuza kuwa umeme kwanza: wale wa San Andrés Itzapa huko Guatemala, ambao baiskeli zao husaga nafaka na kuvuta maji, na Bernard Kiwia wa Arusha, fundi baiskeli aliyebuni vifaa vingi vya kuendeshwa kwa pedali. Tena sisi sote tunamjua mnoa visu anayezunguka mitaani, naye hajawahi kuhitaji betri, wala mama wa cherehani. Kila unapogeuza nguvu kutoka umbo moja kwenda jingine unatozwa ushuru: mkanda hutoza, mota hutoza, betri hutoza, inveta hutoza, na ukifika kwenye kazi yenyewe nusu imekwenda. Kijana aliuvua mkanda wa mota, akaufunga katika ngoma ya kupukuchulia mahindi ambayo fundi wetu aliichomelea kwa vipande vya nondo. Gurudumu la kilo nane halijali linazungusha nini. Gunia lililokuwa likimchukua mama yake siku nzima kwa vidole sasa humalizika kabla ya chakula cha mchana, na majirani wameanza kuleta ya kwao. Mmoja wa wale kumi ndiye anayepiga pedali, kwa malipo ya debe moja kwa kila magunia kadhaa; ni mapatano yao, sikuingilia.

Kwa wanaotaka mchoro: fundi ameuchora kwa mkaa ukutani mwa karakana yake, na nimeunakili katika karatasi mbili. Atakayefika aje na kalamu yake. Akipata mota tofauti na yetu, asome kwanza volti na mizunguko iliyoandikwa ubavuni, kisha arudie ile hesabu ya puli kabla hajakata chuma.

Mkanda wa kwanza umeanza kupasuka upande wa ndani, hasa kwa sababu ya vumbi la mahindi. Jumamosi nitapanda na mwingine, na bati la kuiongezea ile kinga, kwani kijana anasema watoto wa majirani wamejua namna ya kupenyeza fimbo kwa chini.

Nawatakieni juma jema.